Biashara ya Msimu kwa Kaya Zinazopokea Ruzuku: Mambo Yanayovihusu Vyama vya Msingi

Katika wilaya zinazolima korosho za mikoa ya Mtwara na Lindi, mwaka una nyuso mbili. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, fedha huingia vijijini kwa wingi, na kwa muda wa majuma kadhaa hata duka dogo kabisa huishiwa sukari kabla ya jua kutua. Kisha huja Januari, Februari na Machi. Mvua imeshika, shamba linadai palizi, ghala la nyumbani ni tupu, na mahindi mapya hayajakomaa. Mwanachama mwenye mikorosho mingi huivuka miezi hiyo kwa akiba yake. Mwenye mikorosho mitatu au minne iliyozeeka, au asiye na mkorosho hata mmoja, huivuka kwa vibarua, kwa kukopa, na kwa kupunguza mlo.

Wengi wa hao wa mwisho wameorodheshwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Baadhi yao ni wanachama halali wa vyama vya msingi, wenye hisa na haki ya kupiga kura, ingawa mizigo wanayoileta ghalani ni midogo. Hao ndio wanaouliza swali ambalo viongozi wa vyama wamekuwa wakilijibu kila mmoja kwa namna yake: je, kaya inayopokea ruzuku yaruhusiwa kuanzisha biashara ndogo ya msimu? Na ikiruhusiwa, yawezekanaje biashara hiyo isife pamoja na msimu wenyewe?

Mpango wenyewe

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000. Katika miaka yake ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kugharimia miradi ya jamii, kama vile madarasa, visima na zahanati. Mpango wa kuzipa kaya fedha mkononi ulianza rasmi mwaka 2012 na kupanuliwa nchi nzima katika miaka iliyofuata. Kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Ruzuku hulipwa kwa vipindi vya miezi miwili miwili. Sehemu yake imefungwa na masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wanafunzi wahudhurie shule kwa asilimia 80 ya siku za masomo au zaidi. Kaya yenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi huweza pia kupewa ajira ya muda katika miradi ya kijiji wakati wa miezi ya njaa. Utaratibu uliowekwa ni siku 60 kwa mwaka. Ujira wa siku ulikuwa shilingi 2,300 katika kipindi cha kwanza, ukapandishwa kuwa shilingi 3,000 katika kipindi cha pili.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba Mpango huo una mguu wa tatu, nao ni kukuza uchumi wa kaya. Walengwa huhimizwa kuunda vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hupewa mafunzo ya biashara ndogo, na baadhi yao hupewa ruzuku ya uzalishaji ili waanzishe shughuli ya kipato. Kwa hiyo biashara ndogo ya mlengwa ni sehemu ya kile Mpango ulichokusudia tangu mwanzo. Kiongozi anayemwambia mlengwa achague moja, ama ruzuku ama biashara, anatunga sharti ambalo halimo.

Hofu ya kufutwa

Hata hivyo hofu ipo, na haina budi kuchukuliwa kwa uzito, maana imeua biashara nyingi kuliko ukosefu wa mtaji. Mlengwa huogopa kwamba akionekana na kuku kumi na watano uani, au na meza ya maandazi karibu na ghala, jina lake litaondolewa katika orodha. Basi hufuga kuku kwa jirani. Huuza usiku. Hukataa kukua. Akipata faida, hainunui bati wala godoro, kwa kuwa vitu hivyo vinaonekana, bali huitumia fedha yote katika vitu visivyoonekana, na vitu visivyoonekana aghalabu havidumu. Kuku waliofichwa kwa jirani hawachanjwi pamoja na wengine. Siku ya ugonjwa hufa wote, na mwenye mali hawezi hata kulalamika hadharani.

Ni vyema ijulikane jinsi kaya inavyoingia katika orodha. Kwanza hutajwa na mkutano wa kijiji kwa vigezo ambavyo wanakijiji wenyewe wamekubaliana. Halafu hujaziwa dodoso kuhusu hali yake: idadi ya watu wanaotegemea na wanaotegemewa, aina ya nyumba, vyombo, ardhi, mifugo. Matokeo hurudishwa kijijini ili yathibitishwe. Kinachopimwa ni hali ya maisha ya kaya kwa jumla. Hakuna daftari linalofuatilia mauzo ya kila juma na kukata ruzuku kwa kadiri ya mauzo hayo. Shilingi elfu ishirini zilizopatikana Novemba hazipunguzi malipo ya Desemba.

Ni kweli, kwa upande mwingine, kwamba kaya hupitiwa tena baada ya muda, na zile zilizoonekana kuinuka huhitimishwa. Hilo halifichiki wala halifai kufichwa. Lakini kuhitimu kunatokana na kuinuka kwa maisha kwa jumla na kwa muda, wala si kuku kumi na watano wa Novemba moja. Mlengwa akiulizwa, na aseme kweli, na kuku wake wahesabiwe pale walipo. Anayedanganya katika dodoso huingia katika kosa ambalo biashara yenyewe haikuwa nalo. Na kwa kuwa taratibu za Mpango hubadilika kutoka kipindi hadi kipindi, katibu wa chama anayetaka kumshauri mwanachama na apate kwanza maelezo ya mratibu wa TASAF katika halmashauri ya wilaya, badala ya kutegemea maneno ya kilabuni.

Si kila mahali duniani sheria iko hivyo. Uingereza, ambako wasomaji wa Kiswahili nao hawakosekani, msaada wa serikali uitwao Universal Credit hupimwa kila mwezi: tangu Desemba 2021, kwa kila pauni ya pato linalohesabiwa, peni 55 hukatwa katika msaada. Aliyejiajiri, baada ya miezi 12 ya kuanzia, aghalabu huhesabiwa kuwa amepata kiwango fulani cha chini cha pato hata katika mwezi ambao hakuuza kitu. Muuza aiskrimu wa pwani katika nchi ile hupunguziwa msaada wakati wa kiangazi kwa sababu amepata, na katika majira ya baridi hupunguziwa kwa sababu amedhaniwa kuwa amepata. Hofu yake ina msingi katika hesabu. Zanzibar, kwa upande wa pili kabisa, pensheni jamii iliyoanza mwaka 2016 hutolewa kwa kila mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70 bila kuulizwa ana nini, na mzee anayeuza kahawa barazani hana sababu ya kuficha birika lake. Mpango wa TASAF upo katikati ya hizo mbili: hupima umaskini wakati wa kuandikisha na wakati wa kupitia upya, na katikati humwacha mtu afanye kazi. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo ya kutumiwa.

Msimu upi, biashara ipi

Biashara ya msimu haifai kuchaguliwa kwa kuigana. Swali la kwanza ni: fedha ziko mikononi mwa nani, mwezi gani? Katika vijiji vya korosho jibu ni dhahiri, ni Oktoba hadi Desemba, na mwaka mwingine hadi Januari. Swali la pili ni kitu gani watu hao watakinunua ambacho kaya maskini yaweza kukizalisha katika miezi ambayo haina fedha. Maandazi, uji na wali wa maharagwe kwenye eneo la ghala siku za kupima ni biashara ya wepesi, kwa kuwa mtaji hurudi jioni ile ile. Kasoro yake ni kwamba kila mwenye sufuria huiwazia, na baada ya juma la pili wauzaji huwa wengi kuliko walaji. Mboga za kiangazi zina soko zuri, lakini ni za walio karibu na bonde la mto Ruvuma au penye chemchemi. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ya kunywa peke yake ni shughuli, kumshauri mjane alime mchicha wa kumwagilia ni kumtwisha ndoo juu ya ndoo.

Iko biashara moja ya msimu ambayo kila chama hakina budi kuikataza kwa sauti kubwa, nayo ni kangomba. Mnunuzi wa kangomba huwafuata wenye shida kabla ya minada kufunguliwa, hutoa fedha kidogo au unga, na huchukua korosho kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ya kutupa. Ununuzi huo ni marufuku. Kaya inayopokea ruzuku huvutwa nao kwa pande mbili: huuza korosho zake chache mapema ili ipate mtaji, au hutumiwa kama wakala wa kukusanya korosho za majirani kwa ujira mdogo. Katika hali ya kwanza mtaji umenunuliwa kwa bei mara mbili au tatu ya thamani yake. Katika hali ya pili mlengwa ndiye anayekamatwa na mzigo, mwenye fedha akiwa mjini.

Mfano wa kuku

Miongoni mwa biashara zinazopatana na mwaka wa korosho, ufugaji wa kuku wa kienyeji ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kuku hukua katika miezi ambayo kaya haina fedha na huwa tayari katika miezi ambayo majirani wanazo. Sikukuu za Desemba huongeza bei. Iddi nayo huongeza, ila yapasa ikumbukwe kwamba hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo mfugaji hawezi kuipangia mwezi mmoja daima.

Hesabu ya siku huanzia mwishoni. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano hadi sita tangu kuanguliwa hata kufikia umbo la kuuzika. Anayekusudia kuuza katikati ya Novemba anatakiwa awe na vifaranga mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Mayai huatamiwa siku 21. Kabla ya hapo kuku hutaga kwa majuma mawili hivi. Maana yake ni kwamba majike wanaotaga wawe wamepatikana Aprili. Anayekumbuka kuku mwezi Septemba, anaposikia habari za mnada, amechelewa. Huyo atauza Machi, wakati mnunuzi mwenyewe anatafuta unga.

Chukuliwe mfano wa kaya yenye majike watano na jogoo mmoja. Bei zitumikazo hapa ni za mfano tu. Kila chama kiweke za kijijini kwake. Kuku sita kwa shilingi 12,000 kila mmoja ni shilingi 72,000. Misumari, kamba na ujira wa fundi wa banda ni shilingi 20,000, miti na matete yakitoka porini. Chakula cha vifaranga kwa majuma ya mwanzo, yaani pumba, dagaa wa kusaga na mtama, ni shilingi 40,000. Chanjo na dawa ni shilingi 8,000. Jumla ni shilingi 140,000. Majike hao wakiangua vifaranga wanane kila mmoja, watapatikana 40. Isidhaniwe kwamba wote watafika. Mwewe, kicheche, mvua na miguu ya watu vitachukua vyao. Wakifika 24, mfugaji amefanya kazi njema. Akiweka mitetea wanne kwa kuendeleza mbegu na kuuza 20 kwa shilingi 12,000, atapokea shilingi 240,000. Atakuwa amerudisha gharama zote, amebaki na shilingi 100,000 mkononi, na bandani ana kuku kumi badala ya sita.

Sasa mtaji huo wa kwanza watoka wapi? Si vyema ruzuku ya miezi miwili ichukuliwe yote kununulia kuku, maana watoto hawali kuku wa Novemba mwezi Aprili. Ajira ya muda hutoa njia ya polepole. Kwa mfano, siku 15 katika mwezi kwa shilingi 3,000 ni shilingi 45,000. Kaya ikiweka shilingi 12,000 kila mwezi kwa miezi minne, na kula zinazobaki, hupata shilingi 48,000, nazo ni bei ya majike wanne. Wa tano na jogoo waweza kupatikana kwa mkopo mdogo wa kikundi cha akiba. Na kaya isiyoweza kuweka hata hizo na ianze na majike wawili. Mwaka mmoja wa kujifunza kwa kuku wawili una nafuu kuliko deni la kuku kumi.

Adui mkubwa si mwewe bali mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo huvuma zaidi katika miezi ya kiangazi, yaani katika miezi ile ile ambayo vifaranga vya Mei vinakua, na ukiingia uani hausazi. Hauna tiba. Una chanjo, nayo ni rahisi: tone moja katika jicho moja la kila kuku, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haipendi jua kali wala kukaa siku nyingi baada ya kufunguliwa. Tatizo la mfugaji mdogo ni kwamba kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko alio nao. Akikinunua peke yake, anamwaga sehemu kubwa. Asipokinunua, anasubiri msiba. Hapo ndipo ushirika una kazi, kama itakavyoelezwa.

Fedha za Novemba

Biashara nyingi za namna hii hufa kati ya kuuza na kupanda tena. Shilingi 240,000 zikiingia kwa pamoja katika nyumba iliyozoea kupokea kidogo kidogo, kila shida iliyolala huamka: deni la dukani, mchango wa msiba, ndugu wa mbali. Hakuna ubaya katika kuzitatua, maana biashara ilianzishwa kwa ajili hiyo. Lakini kiasi cha msimu ujao na kitengwe siku ile ile ya kuuza, kabla ya fedha kulala ndani. Katika mfano uliotolewa, chakula cha vifaranga na chanjo za mwaka ujao ni shilingi 48,000. Kuku wa mbegu na banda vimekwisha kuwapo. Hizo 48,000 ziende katika sanduku la kikundi au katika akaunti. Zinazobaki ni za nyumba. Januari shule zinafunguliwa, na ingawa ada ya shule za sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, sare, daftari na viatu havikuondolewa. Junia moja la mahindi lililonunuliwa Novemba, kabla bei haijapanda mno, huokoa fedha nyingi za Februari.

Daftari la biashara si lazima liwe la kitaalamu. Ukurasa wa kushoto uandikwe fedha zilizoingia, wa kulia zilizotoka, na kuku walioliwa nyumbani waandikwe kama waliouzwa kwa baba mwenye nyumba. Kifungu hiki cha mwisho huleta mzozo katika nyumba nyingi, lakini bila yake hesabu haitalingana kamwe.

Mintarafu ya kodi, mfugaji wa kiwango hiki hana la kuogopa. Katika utaratibu wa kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo, na mauzo ya mfano huu hayafiki hata sehemu moja ya kumi. Ushuru wa soko au wa meza ni jambo la halmashauri, na lifaa kuulizwa kabla ya siku ya soko.

Jambo moja lahitaji tahadhari kubwa. Msimu unapochangamka, mtoto hupewa beseni la mayai au maandazi akauze ghalani, akaambiwa atakwenda shule kesho. Kesho nayo ina mnada. Mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 80, kaya hukatwa sehemu ya ruzuku inayofungwa na sharti hilo, na aghalabu kinachokatwa ni kingi kuliko faida ya mayai. Achilia mbali hasara ya mtoto mwenyewe, ambayo haiandikwi kwenye ukurasa wa kulia.

Wala msimu si ahadi. Novemba 2018 minada ilipokwama, Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliagiza jeshi kuzisomba. Uhakiki ukafuata, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Katika vijiji vile fedha ya Novemba haikuja Novemba, na waliokuwa wameandaa bidhaa kwa mkopo waliumia kuliko walioandaa kwa akiba. Kuku ana nafuu moja juu ya maandazi: soko likichelewa, halali kesho yake. Huendelea kula, lakini huendelea pia kutaga.

Wajibu wa chama cha msingi

Chama cha ushirika wa mazao si benki, na viongozi wasijipe kazi hiyo kwa huruma. Kupokea akiba za watu na kukopesha ni shughuli inayosimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayohitaji leseni kwa SACCOS na usajili kwa vikundi vya kijamii. Katibu anayepokea fedha za walengwa "kuwatunzia" katika kasha la chama, hata akiwa mwaminifu kama malaika, anajiingiza pabaya na kukiingiza chama. Lililo sahihi ni kukisaidia kikundi kilichopo kijijini kiandikishwe, au kuwaelekeza walengwa kwenye SACCOS iliyo karibu.

Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikaanza tena kutolewa mwaka 2024. Walengwa wengi hawaombi kwa sababu hawajui kuandika andiko la mradi. Karani wa chama anajua. Jioni mbili za karani, baada ya msimu, zaweza kuwa na thamani kuliko hotuba nzima ya mgeni rasmi.

Ruzuku isigeuzwe dhamana. Pamekuwapo tabia mahali mahali ya kumsubiri mlengwa siku ya malipo, akiwa bado katika foleni, ili akatwe mchango au deni. Chama kinachodai hisa au pembejeo kwa mwanachama wa namna hiyo na kidai wakati wa mauzo ya korosho, kama kinavyodai kwa wengine, na hisa mpya zikubaliwe kulipwa kidogo kidogo ikiwa masharti ya chama yanaruhusu. Yasiporuhusu, mkutano mkuu una mamlaka ya kuyarekebisha kwa kufuata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Nafasi ya kuuzia chakula katika kiwanja cha ghala ni mali ya wanachama, na bodi yaweza kuigawa kwa zamu badala ya kuiacha kwa mwenye sauti kubwa au shemeji wa mlinzi. Zamu ikipangwa Septemba na kubandikwa ukutani, mjane mwenye sufuria moja hujua siku zake na hununua unga kwa kiasi cha siku hizo.

La mwisho ni chanjo. Chama kimoja chenye wanachama waliotawanyika katika vitongoji vitatu chaweza kumwomba ofisa mifugo wa kata aje siku moja, kikachangisha fedha ndogo kwa kila kuku, na kununua vichupa vya kutosha kijiji kizima, kuku wa walengwa na wa wasio walengwa pamoja, kwa maana mdondo hausomi orodha ya TASAF. Mizunguko mitatu yatosha kwa kuku wa Novemba: Aprili majike wanapopatikana, Julai vifaranga wanapokuwa na umri wa mwezi mmoja na ushei, na Oktoba kabla ya soko. Kuku mgonjwa asichanjwe siku hiyo, na kila kuku ashikwe alfajiri kabla hajatoka bandani, kwani baada ya jua kuchomoza zoezi zima hugeuka mbio. Vyama vinavyotaka kuanza na mzunguko wa Aprili vinashauriwa kupeleka idadi ya kuku kwa ofisa mifugo kabla ya mwisho wa Februari, ili chanjo iagizwe kwa wakati.